Kura 11,608 kwa 11,608: mgombea wa kihafidhina aliyerudi bunge la Virginia baada ya jina lake kuchotwa bakulini

Pwani757 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za Trump na Biden humu jukwaani hazihesabiki, na nyingine zina kurasa mpaka unachoka. Uzi wa bunge la jimbo sijawahi kuukuta. Ilhali kwa sisi tunaoishi Marekani, leseni ya udereva, kima cha chini cha mshahara, ada ya chuo cha serikali, bima ya afya ya jirani mwenye kipato kidogo, hata jaji atakayesikiliza kesi yako ya kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, mambo hayo kwa sehemu kubwa yanaamuliwa kwenye makao makuu ya jimbo. Na wanaoyaamua ni watu ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa sura.

Leo nawaletea mmoja wao. Anaitwa David Yancey, Mrepublican, mgombea wa kihafidhina wa eneo la uchaguzi namba 94, mjini Newport News, Virginia. Naweka msimamo wangu mezani mapema ili mtu asije akasema nimejificha: mimi naishi huku Hampton Roads, eneo la pwani ya Virginia ulipo mji huo, nina uraia, napiga kura, na ni mhafidhina. Naamini kodi iwe nyepesi, mzazi awe na sauti shuleni, na serikali isiingilie kanisa wala msikiti. Naandika uzi huu kwa sababu naona wahafidhina wenzangu wanapoteza viti vya majimbo kwa kupigana vita ambavyo mpiga kura wa mtaani hakuvileta kwao. Kisa cha Yancey na wenzake wa mwaka ule kinaonyesha hilo wazi.

Kwanza mazingira, kwa wasiojua. Bunge la Virginia lina Seneti ya viti 40 na Baraza la Wajumbe la viti 100. Chimbuko la baraza hili ni mkutano wa Jamestown wa mwaka 1619, yaani ni la zamani kuliko nchi yenyewe ya Marekani. Wakati wa kisa hiki mjumbe mmoja alikuwa anawakilisha watu kama 80,000, anachaguliwa kwa miaka miwili, na mshahara wake ni dola 17,640. Hizo ni za mwaka mzima, si za mwezi. Kwa hiyo wengi wana kazi zao: mawakili, wakulima, madaktari, wenye biashara. Wanakusanyika Richmond mwezi wa Januari, wanapitisha sheria na bajeti, kisha wanarudi makwao.

Halafu kuna jambo linalowapita wengi. Wajumbe wanachaguliwa miaka ya witiri: 2015, 2017, 2019. Rais hayupo kwenye karatasi ya kura na wabunge wa Washington hawapo. Watu wanapita kituo cha kura kana kwamba hakuna kinachoendelea.

Newport News ni mji wa bandari na kiwanda cha meli. Meli za kivita za kubeba ndege, zile zinazoendeshwa kwa nyuklia, Marekani nzima zinajengwa pale tu. Wapo wanajeshi wastaafu, mafundi wa kuchomelea vyuma, weusi wengi, weupe wengi, na wahamiaji kama sisi. Si ngome ya mtu. Yancey alikishinda kiti hicho mwaka 2011. Mwaka 2015 akamshinda Shelly Simonds, mama wa chama cha Democratic aliyekuwa kwenye bodi ya shule ya mji. Mwaka 2017 mama akarudi. Nitaendelea, acha nile kwanza.

MgeniWaRichmond

Nimeshavuta kiti, mkuu. Kisa cha bakuli nilikisikia juu juu tu. Tupe chote.

BintiLamu

Kaka Pwani, endelea. Ila mimi ni upande wa pili kisiasa, nitakuuliza maswali.

Pwani757

Karibu sana dada, maswali ndiyo nayataka.

Sehemu ya pili. Jumanne ya Novemba 7, 2017. Trump hajamaliza hata mwaka Ikulu. Virginia inachagua gavana na viti vyote 100 vya Baraza la Wajumbe. Warepublican waliingia siku ile wakiwa na viti 66 kwa 34. Ralph Northam wa Democratic akamshinda Ed Gillespie ugavana kwa karibu asilimia 9, na kule chini wagombea wa kihafidhina wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Viti 15 viliondoka usiku mmoja.

Mfano wenye somo kubwa kuliko yote ni Bob Marshall wa Manassas, kaskazini mwa jimbo. Alikuwa barazani tangu 1992, mhafidhina wa kuogopwa, na mwaka huohuo wa 2017 alipeleka muswada wa kuamua nani aingie choo gani kwenye majengo ya umma. Muswada ulikufa hata kabla ya kufika mbali. Aliyemshinda ni Danica Roem, mwandishi wa habari aliyebadili jinsia, na kampeni yake alizungumzia nini asubuhi mpaka jioni? Msongamano wa magari kwenye barabara namba 28. Marshall akakataa hata kukaa naye kwenye mdahalo. Sikubaliani na Roem kwa mengi. Lakini mtu anayekaa saa nzima kwenye foleni kila asubuhi, akisikia mgombea mmoja anataja foleni hiyo na mwingine haitaji, unategemea afanye nini?

Yancey hakuwa Marshall. Yeye alikuwa mtu wa mambo ya mji wake. Lakini wimbi likija halichagui. Baada ya uhakiki wa awali alikuwa anaongoza kwa kura 10, katika kura zaidi ya 23,000. Simonds akaomba zihesabiwe upya, na sheria inamruhusu.

Desemba 19 zikahesabiwa. Hesabu ikabadilika, na jioni Simonds akawa mbele kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Hata viongozi wa Republican barazani wakatoa tamko la kumpongeza. Kwa ushindi ule, baraza lingekuwa 50 kwa 50.

Kesho yake jopo la majaji watatu lilikaa ili kuthibitisha matokeo. Hapo ndipo karatasi moja ya kura ilipoibuliwa.

Kivu_Roanoke

Karatasi moja?! Hii ndiyo ile niliyowahi kuona picha yake kwenye habari. Eleza vizuri, maana sisi tuliotoka Kongo tumezoea kusikia habari za masanduku yote kupotea, si karatasi moja.

Pwani757

Ndiyo, mkuu, karatasi moja tu.

Kule Virginia unajaza kiduara kando ya jina kwa kalamu, halafu mashine inasoma. Mpiga kura huyu, ambaye jina lake halijulikani na halipaswi kujulikana, alijaza kiduara cha Yancey na cha Simonds pia. Kisha akakata mstari kwenye kile cha Simonds. Kwenye nafasi nyingine za karatasi hiyohiyo alichagua Warepublican, ingawa kwa Gillespie napo alijaza kiduara na kupiga alama ya X juu yake, bila kumchagua mwingine yeyote. Siku ya kuhesabu upya, wasimamizi waliiweka kando kama kura iliyochagua watu wawili. Usiku ule mmoja wa wasimamizi haohao, wa upande wa Republican, akaandika barua kwa mahakama kuwa haikutendewa haki.

Majaji wakasema: nia ya mpiga kura inaonekana, mstari ule umemfuta Simonds, na kwingine amekwenda na Republican. Kura ikapewa Yancey. 11,608 kwa 11,608.

BintiLamu

Hapo ndipo swali langu lilipo, kaka. Mtu huyohuyo amemwekea Gillespie alama ya X juu ya kiduara kilichojazwa. Kama alama juu ya kiduara maana yake ni kufuta, basi na Gillespie amemfuta. Kama maana yake si kufuta, basi Simonds hakufutwa. Majaji wamesomaje nia ya mtu kwa karatasi kama hiyo? Na jambo la pili, kwa nini ije siku ya pili, wakati siku ya kuhesabu pande zote zilikuwepo mezani na zikakubaliana?

Tena nasikia Virginia majaji wanachaguliwa na bunge lenyewe. Sasa bunge limewachagua majaji, majaji nao wanaamua nani aingie bungeni. Wewe huoni tatizo?

Pwani757

Dada, maswali mazito haya, nayajibu moja moja.

La majaji ni kweli. Virginia ni moja ya majimbo mawili tu, jingine ni South Carolina, ambayo majaji wake wanachaguliwa na bunge la jimbo. Wa mahakama za mzunguko wanapewa miaka 8, wa Mahakama Kuu ya jimbo 12. Sina ushahidi kuwa majaji wale watatu walihukumu kwa chama, na sitawasingizia. Ila umegusa sababu nyingine ya mtu kutopuuza uchaguzi huu: ukimchagua mjumbe, umechagua na majaji bila kujua.

La karatasi, naelewa hoja yako ya Gillespie, na waliomtetea Simonds waliitoa hiyohiyo mahakamani. Mimi nasimama na majaji. Yancey alijazwa kiduara bila alama yoyote juu yake. Simonds alijazwa na kukatwa. Mtu aliyetaka kumpa Simonds kura angekata mstari kwa Simonds kwa sababu gani? Gillespie hakuwa na mpinzani aliyejazwa, kwa hiyo kile kiduara chake hakina cha kulinganishwa nacho.

La siku ya pili ndilo linalonisumbua hata mimi. Kuhesabu kukiisha kuwe kumeisha. Mgombea wangu alinufaika, lakini utaratibu wa kurudi kesho yake kwa barua sikuupenda.

BintiLamu

Nimekuelewa ingawa kwenye karatasi hatutakubaliana. Angalau hukuniambia nimedanganywa na vyombo vya habari, kama wengine. Endelea na bakuli.

Pwani757

Bakuli sasa.

Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana, Bodi ya Uchaguzi ya jimbo ipige kura ya bahati. Haikupangwa kwa ajili ya Yancey, ni sheria ya siku nyingi. Ilikuwa ifanyike Desemba 27, ikaahirishwa kwa sababu Simonds aliiomba mahakama iitazame tena ile karatasi. Mahakama ikakataa. Ikawa Alhamisi ya Januari 4, 2018, Richmond, kamera za dunia nzima zikiwa pale.

Majina mawili yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja kikatiwa kwenye kikopo cha filamu za kamera, vile vidogo vyeusi vya zamani. Vikopo vikawekwa kwenye bakuli la udongo lenye rangi ya buluu na nyeupe, kazi ya mfinyanzi wa Virginia, lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa la jimbo. Mwenyekiti wa bodi, James Alcorn, akaingiza mkono, akatoa kikopo, akakifungua. David Yancey.

Simonds alikuwepo ukumbini na familia yake. Yancey hakuwepo. Mama yule aliketi mbele ya kamera zote, akaona jina la mpinzani wake linatolewa, na alijizuia kwa heshima kubwa. Namsifu kwa hilo bila kusita. Januari 10, siku bunge linafunguliwa, akakubali kushindwa.

Republican 51, Democratic 49. Kirk Cox akawa Spika.

MgeniWaRichmond

Aisee. Kumbe mtu mmoja tu aliyebaki kitandani siku ile angeweza kubadilisha Spika wa jimbo zima.

Msafwa_halisi

Mimi nipo Mbeya, nafuatilia tu. Niulize kama mgeni: kwa nini wasirudie uchaguzi? Kwetu zikilingana ningetegemea watu warudi kituoni.

Pwani757

Mkuu Msafwa, wengi huku waliuliza hivyohivyo. Uchaguzi wa marudio unakula muda, na bunge lilikuwa linafunguliwa siku sita baadaye. Jimbo lisingekaa bila mjumbe wa eneo lile huku bajeti inajadiliwa. Binafsi ningependa marudio, hata kama kiti kingekaa wazi mwezi mmoja. Watu 23,000 walitoka kupiga kura, halafu uamuzi unatoka mkononi mwa mtu mmoja. Lakini sheria ilikuwa hivyo kabla ya mchezo kuanza, na pande zote mbili ziliingia zikiijua.

Na halikuwa kiti hicho tu. Eneo namba 28, maeneo ya Fredericksburg na Stafford, Mrepublican Bob Thomas alimshinda Joshua Cole kwa kura 73 baada ya kuhesabu upya. Ikagundulika pia kuwa wapiga kura 147 walipewa karatasi za eneo lisilo lao. Democratic wakaenda mahakama ya shirikisho kuomba uchaguzi urudiwe, wakakataliwa. Mkumbuke jina hilo, Bob Thomas, nakuja kwake sasa, maana ndiye aliyenifanya niandike uzi huu.

Sehemu ya mwisho, na kwangu ndiyo yenye uzito.

Virginia ilikuwa imegoma kwa miaka kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Baraza lenye viti 66 vya Republican lilikuwa linasema hapana kila mwaka. Sasa wamebaki 51. Wale waliosalimika walirudi Richmond wakiwa wameona makaburi ya wenzao 15. Terry Kilgore, mjumbe wa kusini magharibi kule kwenye makaa ya mawe, watu wake maskini na hospitali zake zinahema, akajitokeza hadharani kusema anaunga mkono, kwa masharti. Mwezi wa Februari Warepublican 19, Spika Cox akiwa miongoni mwao, wakapiga kura na Democratic kwenye bajeti yenye upanuzi huo. Mei 30, 2018 ukapita mabunge yote mawili, 67 kwa 31 barazani na 23 kwa 17 kwenye Seneti. Watu kama 400,000 wakapata sifa ya bima. Ilianza kufanya kazi Januari 1, 2019.

Mimi mhafidhina nasema walifanya sawa. Sharti la mpokea bima kufanya kazi liliwekwa ndani ya sheria, hospitali za vijijini zikapata pumzi, na watu waliokuwa wanafanya kazi mbili bila bima wakaweza kwenda kwa daktari. Nafahamu kina mama wa kwetu wanaohudumia wazee majumbani, wanaosafisha hoteli za Virginia Beach, ambao walipata kadi ya bima kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kura hizo. Uhafidhina wangu hauniambii nimwache mtu anayefanya kazi afe na sukari.

Chama kiliwalipaje? Mwaka 2019 Bob Thomas alipofika kura za maoni za chama, Paul Milde alimpiga kwa hoja hiyohiyo ya Medicaid na kumwondoa. Chris Peace, mjumbe wa siku nyingi wa upande wa Hanover, naye akanyang'anywa uteuzi na Scott Wyatt baada ya vuta nikuvute iliyochukua wiki. Kisha Novemba ikafika. Wyatt aliponea kwa sababu eneo lake ni jekundu kabisa, yaani la Republican. Milde alishindwa na Joshua Cole, yuleyule aliyekuwa amepungukiwa kura 73. Yaani wanachama wachache waliojitokeza Juni walimwondoa mtu aliyejua kushinda, wakamweka anayewafurahisha wao, na kiti kikaenda kwa wapinzani.

Mgombea wa kihafidhina wa bunge la jimbo ana milango miwili ya kupita. Wa kwanza unalindwa na watu wachache wenye hasira, wa pili na watu wengi wenye shida za kila siku. Akivaa nguo ya mlango wa kwanza, wa pili unamkataa. Wenye viti vya katikati kama Newport News na Stafford ndio wanaoumia, wakati wenye viti salama wanapiga kelele bila gharama yoyote.

Kivu_Roanoke

Mkuu Pwani, naunga mkono kuhusu Medicaid, lakini mbona husemi mipaka? Yancey mwaka 2019 hakuangushwa na Medicaid. Mahakama ilikuta mipaka ya maeneo 11 ilichorwa kwa kuwarundika weusi pamoja ili kura zao zisifike kwingine. Ikachorwa upya, na eneo 94 likaguswa. Hao wahafidhina unaowalilia walikuwa wanakaa kwenye mipaka waliyojichorea.

Pwani757

Umesema kweli, kaka, na nilikuwa sijafika hapo. Mipaka ya 2011 ilichorwa na baraza lenye Warepublican wengi, na mahakama ya shirikisho ikaona rangi ya ngozi ilitumika kupita kiasi. Baraza likakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, ambayo Juni 2019 ikasema baraza peke yake halina haki ya kuja na rufaa hiyo. Ramani mpya ikabaki. Eneo 94 likawa gumu zaidi kwa Republican, na Novemba 2019 Simonds akamshinda Yancey kwa tofauti kubwa, bila bakuli wala jaji. Democratic wakapata 55 kwa 45.

Siitetei ramani ya zamani. Kumrundika mtu kwa rangi yake ni dhuluma, na mimi mwenyewe ni mweusi ninayeishi kwenye maeneo hayohayo. Ila ramani haielezi Bob Thomas, wala haielezi Marshall. Ramani ya zamani ilikuwa ileile siku Warepublican walipopoteza viti 15.

Kivu_Roanoke

Sawa, hapo nakuachia. Na mimi niongeze upande wangu. Baada ya Democratic kushika mabunge yote mwaka 2020, kwetu tuliotoka kambini na tunaofanya kazi za viwandani tuliona mabadiliko kwa macho. Kima cha chini kilikuwa dola 7.25 kwa saa, kikapanda mpaka 9.50 Mei 2021. Wasio na makaratasi wakaruhusiwa kupata kadi ya kuendesha gari kuanzia Januari 2021. Wanafunzi wasio na hadhi ya ukaazi wakaanza kulipa ada ya mkaazi kwenye vyuo vya serikali. Machi 2021 adhabu ya kifo ikafutwa, Virginia ikawa ya kwanza Kusini. Yote haya yalitoka kwenye bunge hilohilo ambalo mwaka 2018 lilitegemea kikopo.

MzeeWaKisauni

Vijana wangu, nawasoma kutoka Mombasa. Mnayosema yananigusa kwa sababu sisi Kenya tangu katiba ya 2010 tuna mabunge ya kaunti, na watu wanamdharau MCA, yaani mwakilishi wa wadi, vivyo hivyo. Wanamjua rais, gavana, mbunge. Wadi hawaijui. Ila naona tofauti: MCA wetu hawezi kutunga sheria ya jinai wala kuchagua jaji. Huyo mjumbe wenu wa dola elfu kumi na saba ana nguvu za kutisha.

Swali langu kwa Pwani757: hao wahafidhina wanakuja kwenu? Mtoto wangu yuko Maryland, anasema mgombea wa Republican hajawahi kugonga mlango wake.

Pwani757

Shikamoo mzee wangu.

Swali lako limenigonga mahali panapouma. Kwa kweli ni wachache. Wengi wanadhani mhamiaji Mwafrika ni kura ya Democratic iliyokwishapigwa, basi hawaji. Wakija, wanakuja na hotuba za mpakani, wanazungumza kuhusu wahamiaji mbele ya wahamiaji kana kwamba hatupo chumbani. Ilhali nenda kanisani kwetu Jumapili au msikitini Ijumaa, uwaulize watu kuhusu ndoa, kulea watoto, kuanzisha biashara, kodi ya biashara ndogo, kazi za kujitegemea. Utapata wahafidhina ukumbi mzima. Mgombea anayejua kazi yake angekuja na mambo mawili tu: vibali vya kazi, maana nesi aliyesoma Dar es Salaam au Kampala anahangaika kupata leseni yake hapa, na hilo liko mikononi mwa jimbo. La pili ni gharama ya malezi ya watoto. Aje, akae, asikilize, ajibu. Kwenye kiti kilichoamuliwa kwa kura sifuri, ukumbi mmoja wa Waswahili ungetosha na kubaki.

Na lawama ni yetu pia. Wagombea wanapewa orodha ya waliopiga kura chaguzi zilizopita, ndio wanaogongewa. Asiyepiga kura mwaka wa witiri jina lake halimo kwenye orodha, na mlango wake unarukwa.

BintiLamu

Hilo la leseni za manesi nakuunga mkono kwa mikono miwili, na nitamuuliza mjumbe wangu ambaye ni wa Democratic. Naye pia hajawahi kugonga.

MgeniWaRichmond

Wakuu, swali la vitendo. Mimi bado nina green card, kibali cha ukaazi wa kudumu. Nilipokwenda kubadilisha leseni, skrini iliniuliza kama nataka kuandikishwa kupiga kura. Nikabofya hapana. Nilifanya sawa? Na nikiapa uraia naanzia wapi?

Pwani757

Ulifanya sawa kabisa, na naomba kila anayesoma hapa alitilie maanani. Mwenye green card haruhusiwi kupiga kura ya bunge la jimbo wala ya shirikisho. Kujiandikisha kwa kudai wewe ni raia, hata kwa kubofya kwa haraka bila kusoma, kunaweza kukuharibia uraia na hata kukuletea kesi ya kufukuzwa nchini. Skrini ikiuliza, soma mara mbili. Kama hukuelewa lugha, mwambie mhudumu asitishe kwanza, usione aibu. Na ukiletewa fomu mlangoni na mtu wa chama chochote, mwambie wazi kuwa bado hujawa raia.

Siku utakayoapa, jiandikishe mara moja kwa anwani unayoishi, kwa sababu anwani ndiyo inayoamua uko eneo namba ngapi. Kwenye tovuti ya idara ya uchaguzi ya Virginia unaingiza anwani unaona mjumbe wako na kituo chako. Kupiga kura mapema kunaanza siku 45 kabla ya uchaguzi, huhitaji kutoa sababu tangu 2020, kwa hiyo anayefanya zamu za usiku hana haja ya kupanga foleni Jumanne. Na ukifika kituoni, jaza kiduara kimoja tu. Ukikosea, usikate wala usifute: rudisha karatasi kwa msimamizi, atakupa nyingine.